Jengo letu liliokolewa na mtoto mwenye njaa

Najua niliahidi kuendelea na mada ya homa na degedege, na inbox mmenikumbusha sana. Itakuja. Leo naomba nikatishe kidogo, maana kuna jambo limetokea hapa ninapoishi, na nikilichelewesha hasira zitapoa, nitaandika kistaarabu mno na hamtashtuka.

Ni ndefu, nimeigawa vipande. Mwenye mtoto anayenyonya asome huku ananyonyesha, mtaona kwa nini.

(1)

Ninakaa kwenye fleti hapa Dar es Salaam, jengo la ghorofa sita. Si la kifahari. Lifti ni moja na ina siku zake. Lakini aliyejenga, Mungu amlipe, aliweka mfumo wa kugundua moto. Kwenye dari ya kila korido na kila sebule kuna kidude cheupe cha mviringo, kama kisosi kilichogeuzwa. Hicho ni kihisi moshi. Vyote vimeungwa kwa waya mpaka chini, kwenye kisanduku chekundu kilicho ukutani karibu na meza ya mlinzi. Mafundi wanakiita paneli. Kihisi kimoja kikipata moshi, paneli inajua ni ghorofa ya ngapi, na inapiga king'ora jengo zima bila kumsubiri mtu yeyote aamke.

Mwaka jana hicho kisanduku kikaanza kulia. Siyo king'ora, ni kamlio kadogo tu. Tii. Unasubiri. Tii. Mchana kutwa, usiku kucha. Fleti yangu iko juu yake kabisa, ghorofa ya kwanza. Sasa fikiria umetoka zamu ya usiku, umefika nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, miguu imevimba, mtoto ameenda chekechea, una masaa manne ya kulala, halafu tii.

Nikaandika kwenye group la wapangaji: "Jamani hiki kitu kizimwe, tuna watoto humu." Ndivyo nilivyoandika, neno kwa neno. Tuna watoto humu. Watu wakaniunga mkono, dole gumba zikamiminika. Jioni yake kijana anayesimamia jengo akafungua kisanduku, akachomoa waya. Kimya kitamu. Nikamwandikia, "Ubarikiwe kaka."

Mimi huyo, nesi, niliyefanya kazi wodi ya majeraha ya moto miaka miwili.

(2)

Miezi saba baadaye, saa tisa na nusu usiku, ghorofa ya tatu. Sebuleni kuna friji, kama ilivyo kwenye nyumba zetu nyingi, na friji imechomekwa kwenye ekstensheni iliyopita nyuma ya sofa. Kwenye ile ekstensheni kulikuwa na soketi iliyolegea. Plagi ikilegea, pale pa kugusana panapata moto polepole, siku baada ya siku, plastiki inaanza kuwa kahawia, na mwisho inashika. Sofa ni sponji. Sponji ikishika haiwaki vizuri mwanzoni, inafukiza tu.

Ndani ya ile fleti walikuwa wamelala baba, mama, dada wa kazi na watoto watatu. Hakuna aliyeamka.

Aliyejua wa kwanza ni mama wa fleti ya jirani, ana kichanga cha wiki tano. Kilikuwa kimelia njaa, akakaa kitandani ananyonyesha, akasikia harufu, akadhani ni jirani anaunguza kitu. Akatoka kwenda kuangalia jikoni kwake. Akaona moshi mwembamba unaingia kwa chini ya mlango wake. Yule mama alitoka kwenye korido na mtoto begani, akagonga milango yote kwa mguu, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndiyo sauti iliyoniamsha mimi.

Wote walitoka. Mtoto wao wa kati na dada wa kazi walikohoa sana, wakapelekwa hospitali, wakawekewa oksijeni, mchana walirudi. Sofa, friji na ukuta mzima viliharibika. Nisiwatie presha, hakuna aliyekufa.

Lakini ile sebule ilikuwa na kihisi moshi darini, kizima kabisa, kimekwama kwenye waya ambao chini kabisa mimi ndiye niliyeomba uchomolewe. Alipokuja fundi wa paneli nilishuka nikamuuliza, ule mlio ulikuwa wa nini? Akacheka kwa huruma. Akasema, "Dada, kilikuwa kinawaambia betri zangu zimekwisha, nibadilishieni." Paneli ina betri zake za akiba ndani, ili umeme ukikatika ibaki macho. Betri hizo hudumu miaka michache tu, kama za gari. Zilikuwa zimechoka, kikaomba msaada, sisi tukakiziba mdomo.

Manesi wenzangu mnaujua ugonjwa huu. Wodini mashine zinalia kuanzia asubuhi mpaka masikio yanazoea, na mtu anafika pale anabonyeza kitufe cha kunyamazisha kabla hajamtazama mgonjwa. Tunafundishwa kila mwaka: mtazame mgonjwa kwanza, kelele baadaye. Nilijua. Nyumbani nikasahau.

(3)

Kuna dada kaniuliza, "Kwani moshi wenyewe haumwamshi mtu? Si utakohoa?" Hapa naomba mnisikilize kama nesi.

Pua yako ikilala imelala. Harufu ya moshi haimwamshi mtu aliyelala kama sauti inavyomwamsha. Halafu ule moshi umebeba gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo ikiingia mwilini inakuongezea usingizi. Wengi wanaokufa nyumba ikiungua wanauawa na moshi kabla ya moto wenyewe kuwafikia. Unakuta mtu amelala kitandani, shuka limetulia, hajaungua hata kidole.

Na watoto? Hapa ndipo pagumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walifunga kengele za moshi kwenye nyumba za watu na kuzipiga usiku watoto wakiwa wamelala. Watoto walikuwa 34. Kati yao 27 waliendelea kulala, na kengele ilirudiwa zaidi ya mara moja. Wavulana hakuamka hata mmoja. Walipobadilisha sauti, wakaweka mlio mzito pamoja na sauti ya mwanamke anayesema amka, nyumba inaungua, watoto wengi zaidi waliamka.

Kwa hiyo usiseme "mwanangu atasikia". Hatasikia. Kengele inakuamsha wewe, halafu wewe ndiye unayembeba. Zile dakika mbili tatu ambazo mfumo unakupa ni zako wewe mama za kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kuna kitu kingine kinachohusiana na hicho. Wa Njombe, Mbeya, Lushoto, Arusha mnisikie, na wa pwani mnaomwekea mzazi jiko la mkaa chumbani apate joto. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, hauna moshi wala harufu, na bado unatoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Hiyo gesi inang'ang'ania damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni inavyong'ang'ania. Mtu anaumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, mnasema malaria. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe kwa hiyo anaivuta nyingi kwa muda mfupi, na aliye tumboni ndiye anayeumia kuliko wote.

Na hata sisi hospitali inatudanganya. Kile kidude tunachokubana kidoleni kusoma oksijeni, cha kawaida, hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksaidi. Kinaandika 98, na mgonjwa anaondoka. Ndiyo maana ukimleta mtu wa namna hiyo, tuambie mapema: "Tulikuwa na jiko la mkaa ndani." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu.

Hapa kuna kosa ambalo hata wenye nazo wanalifanya. Kihisi moshi hakigundui kaboni monoksaidi. Kinaona chembe za moshi tu. Gesi hii ina kengele yake ya peke yake, inayouzwa kivyake. Na kama huna, jiko linabaki nje, hakuna mjadala hapo, hata mama mkwe akinuna.

(4)

Sasa nifike kwenye ugomvi wenyewe.

Baada ya ule moto mzee mwenye jengo aliitisha kikao. Tukaamkiana vizuri, shikamoo mzee, marahaba, tukapeana pole. Akauliza tuna maoni gani kuhusu usalama. Mkono wa kwanza kunyooshwa, mpangaji mmoja akasema: tuongezewe kamera. Wa pili: geti la rimoti. Wa tatu: mlango wa chini uwe wa kadi, asiingie mtu asiye na kadi.

Jamani! Juzi tu tumetaka kufa kwa friji, tunazungumza habari ya wezi.

Ile kamera ya korido ya ghorofa ya tatu iliuona moshi. Ipo video. Inaonyesha moshi unatoka kwa chini ya mlango dakika kumi na moja kabla yule mama hajatokea. Dakika kumi na moja, picha safi kabisa. Kamera iliona, ikarekodi, ikatulia. Mlinzi alikuwa nje getini, na hata angekuwa ndani, nani anakodolea skrini saa tisa usiku?

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokasirika. Tunapanga nyumba kwa kuangalia nani anaweza kuingia, hatuangalii kama mtoto anaweza kutoka. Tunaweka nondo kila dirisha, kufuli la nje na la ndani, ufunguo anao baba mfukoni. Kenya, mwaka 2001, shule ya Kyanguli kule Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana nondo. Kila nikipita mtaani usiku nikaona nyumba imefungwa kama benki, na taa ya chumba cha watoto inawaka kwa ndani, nawakumbuka wale vijana.

Mlango wa kadi au wa alama ya kidole siukatai. Nakataa usioulizwa swali moja: umeme ukikatika au king'ora kikilia, unafunguka wenyewe kwa anayetoka ndani, au unabaki umekaza? Mlango uliofungwa sawasawa unaungwa na ile paneli, na moto ukigundulika unaachia. Nilimuuliza hivyo fundi aliyeletwa kutupa bei. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza ukubwa wa mwezi. Hatukumpa kazi.

(5)

Mmoja ataniambia, "Dada nesi, hayo ni ya majengo ya kitajiri." Subiri. Mtambo wa kwanza unaojiendesha wenyewe ndani ya nyumba unatosha kiganjani, na inawezekana unao tayari kwenye boksi la meni swichi. Unaitwa RCD.

Breka za kawaida zinalinda waya wako usiungue. Hazimlindi mtoto. Breka ya soketi ya ampea 20 inaruka umeme ukizidi hapo. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inakula kama robo ya ampea tu, na umeme mdogo kuliko huo unamsimamisha mtu moyo. Kwa hiyo mtoto anaweza kushikwa na soketi mpaka mwisho na breka imekaa pale inaona kila kitu kiko sawa. RCD inafanya kazi tofauti. Inapima umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua hata kidogo kwenye kurudi, maana yake unapita mahali pasipostahili, pengine kwenye mwili wa mtu, inakata. Ya majumbani inakata kwenye miliampea 30, tena chini ya theluthi moja ya sekunde. Mtu atapigwa shoti, atapiga kelele, na atabaki hai.

Nenda kaangalie boksi lako sasa hivi. Tafuta swichi yenye kitufe kidogo kimeandikwa T. Kibonyeze. Umeme ukikatika, ni nzima, irudishe. Usipokatika, ita fundi leo. Kama hakuna swichi ya namna hiyo na bafuni una hita ya maji ya moto ya kuoga, mama yangu, ogea ndoo mpaka fundi aje.

Nisiwadanganye lakini, RCD isingezuia moto wa ghorofa ya tatu. Soketi iliyolegea inachemka bila umeme kuzidi na bila kuvuja, RCD haioni, breka haioni. Ndiyo maana kila kitu kina mlinzi wake. Hapo alitakiwa mlinzi wa moshi.

Wa gesi naye ana tabia zake. Serikali imepanga ifikapo 2034 asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ya kupikia, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili, macho na vifua vya mama zetu vimechoka na moshi. Maana yake mitungi inaongezeka majikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini, inatambaa sakafuni kama maji, pale pale anapotambaa mwanao. Kwa hiyo kihisi cha gesi kinafungwa chini, karibu na sakafu, wakati cha moshi kinafungwa juu darini kwa sababu moshi unapanda. Nimeona fundi kafunga cha gesi darini kimependeza sana, hakina kazi yoyote. Vipo vinavyoungwa na valvu, gesi ikivuja valvu inajifunga yenyewe. Usipokuwa nacho, pua yako ndiyo kihisi: ukinusa gesi usiwashe taa wala usizime, fungua madirisha, funga mtungi, toa watoto.

Na geti la rimoti walilolitaka kwenye kikao. Uingereza mwaka 2010, ndani ya wiki moja, watoto wawili wa kike, mmoja miaka 5 na mwingine 6, kwenye miji tofauti, walibanwa na mageti ya umeme wakafa. Geti halina ubaya wala wema, linasukuma tu. Linalofaa lina jicho la mwanga linalovuka njia, na likigusa kitu linasimama na kurudi. Jipimieni wenyewe: wekeni boksi tupu la sabuni kwenye njia yake halafu mlifunge. Likilibonda, watoto wasicheze hapo mpaka lirekebishwe. Letu bado hatujalinunua, namshukuru Mungu.

Jenereta. Hapa mimi na mzee hatukuelewana kwa muda mrefu kidogo. Yetu inawaka yenyewe umeme ukikatika, tunaipenda, feni haisimami. Lakini imekaa nyuma ya jengo, na bomba lake linatazama madirisha ya vyumba vya watoto vya ghorofa ya chini. Ile ni kaboni monoksaidi ile ile ya mkaa. Inawaka yenyewe usiku, na hakuna mtu aliye macho wa kufunga dirisha. Ukiweka mashine ya kujiwasha, fikiria moshi wake unaenda wapi wakati wewe umelala. Mzee amekubali bomba linyanyuliwe lipite juu ya paa. Amekubali kwa mdomo, ngoja tuone.

(6)

Nimeona wengine wameshaanza, "Wazungu wana kila kitu na bado wanaungua." Kweli. London, tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower, watu 72 walikufa. Moto ulianzia kwenye friji, ghorofa ya nne. Na mnajua nini? Mwenye ile fleti aliamshwa na kengele ya moshi. Akaamsha wenzake, akapiga simu ya zimamoto, akatoka. Kengele yake ilifanya kazi. Kilichowaua wengi kilikuwa nje ya fleti yake: ukuta wa nje ulifunikwa kwa vitu vinavyowaka, moto ukapanda jengo zima. Halafu milango mingi ya fleti ilikuwa haina kile chuma cha kuifunga yenyewe, au kimeharibika, kwa hiyo watu walipokimbia milango ikabaki wazi na moshi ukajaa kwenye korido na ngazi. Zimamoto walijaribu kuichukua lifti waiendeshe wao, swichi ikakataa. Na jengo halikuwa na king'ora cha kuwaambia wote kwa pamoja tokeni.

Mlango unaojifunga wenyewe. Nani kati yetu hajawahi kuuwekea tofali kile kimlango kizito cha ngazi kwa sababu kinamchosha mtu mwenye mikoba ya sokoni? Mimi nimeweka. Kumbe ule uzito ndio unaotenganisha moshi na ngazi unazotegemea kushukia. Kuna majengo yanaushikilia kwa sumaku ukae wazi siku zote, na king'ora kikilia sumaku inaachia mlango unajifunga. Letu halina sumaku, kwa hiyo tofali ndiyo iliyoondoka.

(7)

Gharama. Mzee alisema waziwazi: mkandarasi wa kuja kukagua mfumo kila baada ya miezi kadhaa ana bei, na bei itaingia kwenye kodi. Nilimjibu kwa adabu kwamba mlinzi wa getini tunamlipa kila mwezi na hakuna anayelalamika, na yule anasinzia. Watu wakacheka, mlinzi mwenyewe akacheka. Betri mbili za paneli, ndizo zilizokosekana. Betri mbili.

Na wewe unayekaa chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita na choo kimoja, hakuna paneli wala mzee wa kikao. Kengele ya moshi ya betri ipo, inajitegemea, haihitaji fundi wa waya. Iweke kwenye dari nje ya mlango wa chumba wanacholala watoto, mbali kidogo na jikoni isikusumbue kila ukikaanga vitumbua. Bonyeza kitufe chake mara moja kwa mwezi. Ikianza kulia tii tii, badilisha betri. Usiitoe betri ukaiweka kwenye rimoti ya TV, nawajua. Na ikifika miaka kumi, nunua nyingine, kile kihisi cha ndani huchoka. Unapompelekea mtu zawadi ya mtoto mchanga, tumeshamjaza nguo za miezi sifuri mpaka mitatu ambazo hatazimaliza. Mpelekee hiyo.

Anayetafuta nyumba ya kupanga, kabla hujalipa ile miezi sita, fanya ukaguzi wako. Muulize mwenye nyumba RCD iko wapi na uibonyeze mbele yake. Tazama darini. Kama kuna vihisi, muulize paneli iko wapi na uende kuitazama: taa ya kijani maana yake ina umeme, ya njano inayowaka maana yake kuna kitu inalalamikia. Fungua mlango wa ngazi uuachie, uone kama unajifunga. Uliza dirisha la chumba cha watoto linafunguliwaje kwa ndani bila ufunguo. Atakuona msumbufu. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, ibandike ukutani, mfundishe na dada wa kazi, kwa sababu mchana yeye ndiye anayebaki nao.

(8)

Paneli yetu ina betri mpya tangu mwezi uliopita. Tumekubaliana kwenye group kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni, king'ora kitapigwa kwa makusudi, dakika moja, kila mtu ashuke chini kwa ngazi. Kuna walionuna. Yule mama wa kichanga ndiye aliyechaguliwa kusimamia, hakuna aliyethubutu kubisha.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kwanza. Mwanangu, miaka minne, alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilimwacha kwa makusudi, nilitaka kuona. King'ora kiko chini ya sakafu yetu, mlio wake ulinitetemesha meno. Nilisimama mlangoni kwa chumba chake nikimtazama. Alijigeuza upande wa pili, akavuta shuka.

Nikambeba, nikashuka naye ngazi kumi na nane. Alifumbua macho tulipofika kwenye meza ya mlinzi, akaniuliza kama ni Jumatatu.